Kabati la Lorne Pascoe Lashika Joto

Lorne Pascoe alipostaafu udereva wa treni pale Ballarat, Australia, alijipa kazi mpya: kuringa. Alikuwa na kadi mia nne za wachezaji wa kandanda ya Kiaustralia, ile ya mpira wenye umbo la yai, na kwa miaka hamsini zilikuwa zimelala kwenye makopo ya biskuti chini ya kitanda. Sasa akanunua kabati la kioo, akalisimamisha sebuleni, akazipanga kadi alizozipenda zaidi, kila moja kwenye kisimamio chake. Kisha akafunga taa nane ndani yake. Zilikuwa taa za halojeni, alizoziokota kwenye duka la viatu lililofungwa, kali kama jicho la mama mkwe. Nyaya alizibandika nyuma kwa utepe wa gundi.

Mkewe, Glenys, aliweka kiganja juu ya kioo akakiondoa upesi.

"Lorne, hili ni kabati au ni jiko?"

"Mama wee, kitu kizuri kisipoonekana kina faida gani?"

"Kionekane. Kisiive."

Lorne hakusikia. Katikati ya kabati, chini ya taa mbili za peke yake, aliweka kadi ya marehemu kaka yake, Vic, aliyecheza ligi kuu msimu mmoja tu kabla goti halijamsaliti. Vic aliandika juu yake kwa kalamu ya bluu: *Kwa Lorne. Acha kulia.* Lorne alikuwa na miaka saba siku hiyo. Hakuna mgeni aliyeingia nyumba ile asisimuliwe kisa hicho, hata fundi wa mabomba alisimuliwa huku maji yakifurika jikoni.

Jumamosi moja ya Januari, joto la nje nyuzi thelathini na nane, Lorne aliwaalika wakusanyaji wenzake wawili: jirani yake Clem Trezise, na Noreen Babic, fundi umeme mstaafu. Taa alikuwa ameziwasha tangu asubuhi, eti kabati lizoee.

Walikuwa wanakunywa chai kadi ya kwanza ilipojikunja mgongo na kuanguka kifudifudi. Ikafuata ya pili. Ya tatu ikaangukia ya nne.

"Lo! Beki yuko chini!" Clem akatangaza kama yuko redioni. "Na kipa wa akiba naye kazimia, wala hajaguswa na mtu!"

"Kandanda yetu haina kipa, mpumbavu wewe," alisema Lorne, lakini tayari alikuwa anachungulia nyuma ya kabati. Utepe ulikuwa unayeyuka. Moshi mwembamba ukapanda nyuma ya kabati. Clem akainuka na kikombe chake cha chai, tayari kumwaga.

"Weka chini!" Noreen akafoka. "Huo ni umeme, si mbuzi wa kuchoma! Unataka tukuzike Jumatatu?"

Akachomoa plagi ukutani, akangoja, ndipo akafungua mlango wa kioo. Joto liliwapiga usoni kama la tanuri. Kadi ya Vic ilikuwa imejikunja kama jani kavu, na maandishi yamebaki kivuli tu. Lorne akaketi sakafuni, mzee wa miaka sitini na tano, akalia bila kujificha.

Glenys akaingia chumbani, akarudi na bahasha.

"Inuka, mume wangu. Uliyoiunguza ni fotokopi. Niliibadilisha mwezi wa kumi, ulipokwenda kung'oa jino."

Ndani ya bahasha, kadi ya Vic ilikuwa nzima, wino wake bluu kama wa jana. Lorne aliitazama, akamtazama mkewe, asijue aanze na hasira au shukrani.

"Miezi mitatu ninawaambia watu watazame wino halisi!"

"Mimi uliniambia niunuse," alisema Clem. "Na nikaunusa!"

Glenys alimwekea tu kidole juu ya yale maneno ya Vic, naye Lorne akafuta pua.

Juma lililofuata Noreen alikuja na sanduku lake la vifaa. Alifunga ukanda wa taa za LED zisizochemka, mwanga hafifu, transfoma akaitundika nje ya kabati, na nyuma akatoboa matundu ya kupitisha hewa. Kabati lilisogezwa mbali na dirisha, kwa kuwa jua nalo hupausha rangi. Kadi zenye saini zilivishwa mifuko ya kuzuia miale, na ile ya Vic ikalala kwenye droo yenye giza. Nje ikakaa fotokopi mpya, chini yake pameandikwa "nakala". Neno hilo Lorne alilipinga siku mbili, akashindwa.

Mwisho Noreen aliweka swichi inayojizima yenyewe baada ya dakika kumi.

Jumapili Clem na Noreen walikuja kutazama. Lorne alikuwa amefika penye goti la Vic mwanga ulipozimika. Akabonyeza, akaendelea. Ukazimika tena.

Glenys akamfuata Noreen mlangoni, akamnong'oneza, "Shoga, hiyo swichi haiwezi kuwa ya dakika tano?"