Mkono wa Mlangoni

Saa kumi na moja alfajiri maumivu yalimkuta Nistor kibandani amelala, yakamkamata korodani ya kushoto kama mtu anayekamua nguo. Akatapika pembeni ya godoro la majani. Alipojipapasa aliikuta imepanda juu, imelala upande, ngumu, haigusiki.

Ya kulia haikuwa na kazi. Matumbwitumbwi yaliisinyaza akiwa na miaka kumi na minne, na daktari wa wakati ule alimwambia mama yake, "Hii moja itamtosha. Aitunze." Mama alikwisha kufa. Ndugu hakuwa naye. Katika milima yote ile ya Karpati hapakuwa na mtu wa damu yake, na kwa miaka mingi Nistor hakumwomba Mungu kitu kingine ila mtoto, hata mmoja.

Lakini ilikuwa siku ya kupima maziwa. Wenye kondoo walikwisha kupanda kutoka kijijini na ndoo zao. Kila mmoja angekamua wake, kijiti cha kipimo kitumbukizwe mbele ya macho ya wote, na kwa kipimo hicho kila nyumba ijue fungu lake la jibini mpaka majani yapukutike. Na penye upenyo wa zizi, wanapopita kondoo mmoja mmoja, hukaa mchungaji mmoja tu, tangu kondoo wa kwanza hadi wa mwisho. Mkono wa mlangoni ukibadilika, kipimo kimeharibika. Mwaka huo mkono huo ulikuwa wa Nistor.

Akamwendea Toader, mkuu wa wachungaji, akitembea miguu imetanuka.

"Mzee, naumwa. Nataka kushuka hospitali."

"Unaumwa wapi?"

Nistor akawatazama wanawake wenye ndoo. "Huku chini."

"Chini wapi? Kisiginoni?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, labda mimba imetimia."

"Mapumbu, mzee," Nistor akanong'ona.

"Basi ni ngiri hiyo, au umekalia jiwe la baridi. Mimi nimelikalia miaka arobaini, na wajukuu tisa ninao." Toader akamtupia ngozi ya kukalia. "Kaa mlangoni. Ukishuka leo watauliza umeshuka na maziwa ya nani."

Akakaa. Kondoo wakapita. Kila mmoja aliyemgusa goti alimtoa jasho jipya.

Saveta, mjane mwenye kondoo saba, alikuwa akimwangalia tangu asubuhi. Akasogea.

"Mwanangu, umekuwa mweupe kama chokaa."

"Mama Saveta, gari lako la farasi liko pale chini. Nipeleke mjini, nakuomba."

Saveta akafanya ishara ya msalaba. Akatazama barabara, kisha akatazama zizini, ambako kondoo wake walikuwa bado wamesongamana na wengine.

"Nitakupeleka, haki ya Mungu. Hawa wangu wapite kwanza."

Walipita karibu na mwisho.

Ilipofika adhuhuri, maumivu yalipungua ghafla. Nistor akashusha pumzi.

"Si nilikwambia?" Toader akasema. "Imepoa yenyewe."

Saa nane kipimo kikaisha, watu wakakaa kula. Saveta hakula, alifunga farasi garini. Njia nzima aliomba kwa sauti, na Nistor alilala nyuma ya gari akitazama mawingu.

Hospitalini ilikuwa saa kumi na nusu. Daktari alimpapasa kwa muda mfupi tu.

"Ilianza saa ngapi?"

"Kumi na moja, alfajiri."

"Kamba inayoishikilia korodani imejisokota, damu haipiti. Ungefika kabla ya saa tano asubuhi tungeizongoa. Sasa imekufa. Tunaitoa."

"Lakini ya kulia..."

"Nimeiona." Daktari akavua glavu. "Mtu mzima wewe, ulikuwa wapi kutwa nzima?"

"Mlangoni."

Daktari hakuuliza mlango gani. Alikwisha kutoka.

Muuguzi akaleta karatasi ya kutia sahihi. Juu palikwisha kuandikwa: mgonjwa alichelewa kwa uzembe wake mwenyewe. Nistor aliisoma mara mbili, akatia sahihi.

"Bado maswali machache," muuguzi akasema. "Ndugu wa karibu?"

"Sina."

"Watoto wangapi?"

Nistor akageuza uso kuelekea mlangoni. Koridoni mtu alikuwa akisukuma kitanda, gurudumu lake moja likilia.

"Kaka, nakuuliza. Niandike sifuri, au niache wazi?"

Muuguzi akangoja kidogo, kalamu mkononi. Kisha akatazama saa ya ukutani, akaandika mwenyewe: sifuri.