Cha Babu Saa Hakisifiwi

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hayo ni ya watu wengine. Katika chumba cha nyuma ya duka la funguo, kutoa kulikuwa rahisi kama kupiga chafya. Kilichotaka moyo ni kupokea.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alasiri, wapenzi wa visu vya mfukoni walikutana humo, katikati ya harufu ya mafuta ya mashine na vumbi la shaba. Mama Funguo, mwenye duka na mwenyekiti wao, alitandika kitambaa kizito cha kijani juu ya meza ya kuchongea, na kila mmoja akaweka alichokuja nacho: visu vya kukunja vya mpini wa mfupa, wa mpingo, wa bati, na kimoja cha Kinyozi chenye kijiko, uma na kizibuo, ambacho wenzake walikiita hoteli.

Sheria yao ilikuwa moja. Ukikisifu kisu cha mwenzako kwa sauti, kimekuwa chako. Mwenyewe atakikunja, atakutilia mkononi, na kabla hujafumba vidole atakusimulia kilikotoka, maana kisu hakitoki kwa mtu bila hadithi yake. Kukataa ni tusi. Kurudisha ni tusi kubwa zaidi. Visu vilizunguka humo kama umbea wa mtaani, na hakuna aliyewahi kulia hasara. Kinyozi alijigamba kwamba ametoa visu vingi kuliko vichwa alivyonyoa, na kila mara alitoka akipiga mluzi.

Cherehani alikuwa dada mmoja, fundi makochi. Jina hilo hakulipata kwa mashine yake bali kwa mdomo wake, ulioshona maneno kutwa nzima bila kukata uzi. Aliwapenda watu hawa kuliko baadhi ya ndugu zake wa damu. Siku ya kwanza alikuja kuchonga ufunguo wa stoo tu, akachungulia mlango wa nyuma, akaropoka, "Loo, kizuri hicho!" Wakamcheka mpaka machozi, wakamtilia mkononi.

Lakini palikuwa na kisu kimoja ambacho hata Cherehani alikifungia mdomo. Kilikuwa cha Babu Saa, fundi wa saa, yeye mwenyewe aliyeianzisha ile sheria. Mpini wake wa pembe ulikuwa umeiva rangi ya asali kwa kushikwa. Bapa lake lilifunguka taratibu, likatua nusu ya njia kama linavuta pumzi, kisha, ta! Babu aliitega springi yake kwa mkono uleule unaotega saa. Na kisu kilikuwa zawadi ya mkewe. Yule mama alipofariki, wapenzi wa visu walikaa bila Babu wakakubaliana: cha Babu hakisifiwi. Nani ana uso mkavu wa kumpokonya mgane kumbukumbu ya mkewe?

Miaka ikapita. Babu anakiweka mezani, wao wanameza mate na kutazama dari.

Wiki ya mkutano, Cherehani alimpelekea Babu kiti chake, kimevalishwa ngozi mpya. Karakana ilikuwa finyu, na saa za ukutani zilibishana kila moja na lake. Babu alikuwa anakiviringisha kile kisu kwenye gazeti kuukuu.

"Unafunga zawadi, Babu?"

"Nafunga takataka, mjukuu wangu. Jumamosi nakuja kuwaaga. Nikitoka hapo, hiki nampa mnunuzi wa vyuma chakavu."

"Babu!"

"Babu nini? Nimekiweka pale mezani tangu lini? Kinyozi kasifu mpaka kile cha Mama Funguo kilichokatika ncha. Changu hata nzi hajatua juu yake."

"Si hivyo, Babu. Sisi tuli..."

"Usinipake mafuta. Maneno ya kufariji nilishiba siku ya maziko." Alishusha miwani, akaonekana mdogo nyuma ya meza yake. "Nilidhani marehemu alichagua vizuri. Kumbe alichagua kwa mapenzi tu."

Cherehani akakisukuma kiti mahali pake na, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaukata uzi mwenyewe. Angemweleza nini? Lolote ambalo angesema humo ndani lingekuwa huruma, na mzee alikuwa ameshaikataa. Neno lenye uzito lilikuwa na mahali pake, juu ya kitambaa cha kijani, mbele ya watu. Alipofika barabarani ndipo wazo lingine lilipomchoma: asiyesifiwa hatoi, na asiyetoa hasimulii. Kwa heshima yao yote, walikuwa wamemnyima mzee nafasi ya kumtaja mkewe chumbani mle hata mara moja.

Jumamosi ikafika. Babu akaweka kisu mezani bila kukifungua, akakohoa. "Wenzangu, leo nina neno la kuaga..."

"Subiri kwanza, Babu," akasema Cherehani. "Hicho kisu..."

Mama Funguo akamkanyaga chini ya meza. Cherehani akauchomoa mguu, kiatu kikabaki.

"Hicho kisu ni kizuri. Hakijawahi kulala kizuri kama hicho kwenye kitambaa hiki. Nakionea kijicho tangu siku ya kwanza. Ule mlio wake nikiusikia nakosa usingizi. Kizuri, Babu! Sasa nipe changu."

Kinyozi akaikodolea macho hoteli yake kana kwamba ameiona leo.

Babu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mgongo ukamnyooka taratibu, kama bapa linalotafuta nafasi yake. Akakifungua kisu, ta! Akakikunja, akakitia kwenye kiganja cha Cherehani, lakini mkono wake akaendelea kuushika kwa mikono yote miwili.

"Alikinunua kwa masikio," akaanza. "Alisimama mbele ya sinia la visu vya mitumba, akafumba macho, akawa anafungua kimoja kimoja na kusikiliza. Muuzaji alidhani ana wazimu. Akaniletea amekifunga kwenye leso. Akasema, 'Hiki kinalia kama saa yangu, ile uliyoichelewesha makusudi, mwongo wewe.'"

"Uliichelewesha, Babu?" Kinyozi hakuweza kujizuia.

"Ilikuwa na vumbi tu! Nikamwambia ugonjwa wake ni mzito, arudi kesho. Akarudi kesho, na kesho yake. Ikapona siku ya posa."

Wakacheka, naye akacheka kuliko wote, na hakukoma hapo. Alieleza jinsi mkewe alivyoimba vibaya, alivyotembea upesi, alivyozitia saa zote ufunguo kila Ijumaa. Chai ikapoa vikombeni. Alipoinuka alikuwa amesahau kuaga.

"Mwezi ujao naleta kingine," akasema mlangoni. "Kina kutu kidogo, lakini mtakapokisikia!"

Mlango ulipofungwa tu, Mama Funguo alimgeukia Cherehani. "Huna haya! Kisu cha marehemu! Kimbia umrudishie, umwombe radhi, kisha urudi hapa utuombe na sisi."

"Tulikubaliana, dada," Kinyozi akamwambia Cherehani, kwa sauti ya chini. "Ilikuwa heshima."

"Mlimzika na mkewe, mkaita heshima," akasema Cherehani. "Na mimi nilikuwa mmoja wenu, nikishika jembe. Mmemwona alivyotoka? Mlishawahi kumsikia akicheka vile?"

"Radhi, nimesema!" Mama Funguo akapiga meza, visu vikaruka.

Cherehani akakivaa kiatu chake. Akakifungua kisu, akakiacha kitue nusu ya njia, akakisukuma. Ta!

"Nisogezee hayo mafuta ya mashine, Kinyozi," akasema. "Radhi siombi."