Pudini Isiyo na Emilia Ndani Yake

Jumamosi, saa moja asubuhi, Winfrida alikaa juu ya mbuzi ya nazi nyuma ya nyumba yao pale Newala, akaanza kukuna. Nazi zilikuwa mbili, zimefika jana na basi la Mtwara. Ukungu ulikuwa bado umeikalia miti, na mkorosho wa uani ulionekana nusu. Korosho robo kilo zilikuwa zimelowa maji tangu usiku, tayari kusagwa. Mayai sita yalikuwa ndani ya bakuli, bakuli limefunikwa sahani, na juu ya sahani kulikuwa na jiwe, ili yasifike mkononi mwa mama yake.

Mama yake, Emilia, alikuwa na kisukari. Kilianza kama cha watu wengine: kiu, kwenda msalani kila mara, macho kuona ukungu hata siku za jua kali. Baada ya Pasaka utamu ukaanza kumtoka mwilini na kuingia kwenye vitu. Akinawa, maji ya kunawia yalikuwa matamu. Akimega ugali wa muhogo, tonge lilikuwa tamu. Siku moja alichambua samaki wa chumvi, na samaki akalika kama kashata. Sisimizi walijipanga mstari mmoja kutoka kwenye mkorosho mpaka dirisha la chumba chake, na kwa kuwa hawakumuuma mtu, hakuna aliyewamwagia majivu.

“Enzi zile za foleni,” Emilia alimwambia binti yake, “niliamka alfajiri na kadi mkononi, nikasimama nje ya duka la ushirika mpaka miguu ikavimba, nikarudi na sukari nusu kilo. Siku nyingine nilirudi na kadi tu. Sasa biashara imefunguliwa, kila duka lina gunia mlangoni, na mimi ndiyo imeniingia. Kumbe nilipokuwa naitafuta, nayo ilikuwa inanitafuta. Tulipishana njiani.”

Winfrida aliendelea kusahihisha madaftari. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na sauti yake ilitosha watoto wa madawati ya mbele.

Mtu wa kwanza kuutumia utamu wa Emilia alikuwa Bwanali, mwenye mgahawa karibu na stendi. Bwanali alikuwa Myao na Emilia Mmakonde, kwa hiyo walikuwa watani. Mtani haombi. Anaingia jikoni kwako, anaondoka na kuku, na wewe unatakiwa ucheke; ukinuna, umeivunja heshima ya wazee wa pande zote mbili. Bwanali alikuja kutoa pole ya ugonjwa, akaletewa chai ya mkandaa, kavu, bila maziwa wala sukari, maana Winfrida alikuwa ameacha kununua sukari kabisa. Akaionja, akaitazama. Kisha akauchukua mkono wa Emilia, akachovya kidole chake kidogo kwenye kikombe, akakizungusha mara tatu, akanywa.

“Mtani,” alisema, “shamba zima la miwa umelificha ndani ya kitenge.”

Emilia akacheka, kama ilivyompasa.

Kesho yake Bwanali alirudi na birika.

Majirani ambao hawakuwa watani waliona kwamba kama Bwanali anachota, si vibaya na wao wakachota. Aliyewapa maneno ya kusema alikuwa Mama Shakila, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mwema ambaye alimfulia Emilia mashuka bila kuombwa.

“Sukari imemzidi,” alisema. “Kitu kikizidi kinapunguzwa. Sisi tunampunguzia.”

Basi wakampunguzia. Kufikia mwezi wa sita, asubuhi saa kumi na mbili na jioni saa kumi, vikombe vilipangwa chini ya dirisha. Emilia alikaa kwenye kiti ndani, mkono wake umelazwa juu ya taulo kwenye kizingiti cha dirisha, na watu wakapita mmoja mmoja, wakichovya, wakishukuru. Waliuliza hali yake. Walimletea mayai na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini. Katika mtaa ule Winfrida peke yake ndiye aliyekunywa chai chungu.

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi mama na binti walipanda basi, wakateremka kutoka uwanda wa juu mpaka Masasi. Kule muuguzi aitwaye Veridiana alimtoboa Emilia kidole, akapima. Alipoambiwa habari ya utamu, aliandika kwenye kadi, kati ya “macho” na “kidonda cha mguu wa kushoto”: *vidole vinatia utamu.*

“Majirani wanasema ikichotwa inapungua,” Winfrida alisema kwa sauti ndogo.

“Haipungui,” Veridiana alijibu, bado akiandika. “Hiki ni kisima ambacho ukichota ndiyo unakichimba. Na huo mguu unataka kupumzika kitandani, si kuning'inia kwenye kiti mchana kutwa. Wakatazeni watu.”

“Tutawakataza.”

“Anakula nini?”

“Chochote anachoshika kinageuka sukari.”

“Asishike. Mlishe kwa kijiko.”

Hapo Emilia alimgeukia muuguzi, akasema, “Binti yangu, mimi nataka kitu kimoja. Nataka kula chakula ambacho mimi simo.”

Veridiana akageuza karatasi, akaandika nyuma yake: mayai sita, tui zito, korosho zilizosagwa, iliki, chumvi kidogo. Chini akapigia mistari miwili: *bila sukari, bila unga, bila maziwa.* La maziwa halikuwa gumu. Maziwa ya Newala yalikuwa ya kopo, na ya kopo yalimvuruga Emilia tumbo.

“Hiyo ni pudini,” Emilia alisema alipoisomewa. Alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya misheni kwa miaka ishirini na miwili. Pudini alizipika kwa mamia, makaa juu na makaa chini, akazipeleka mezani na kurudi jikoni kusikiliza vijiko. “Saa moja motoni, imekwisha.”

“Moto wako wa makaa unataka mpishi asimame hapo, aguse, ageuze,” Veridiana alisema. “Tafuteni jungu la umeme la kupika polepole. Linafunikwa, linaachwa. Mtu hagusi.”

Walilipata siku ileile, sokoni Masasi, kwa mfanyabiashara aitwaye Silvano aliyeuza vitu vya nje vilivyokwisha kutumika: pasi, redio, mashine ya kukaushia nywele. Jungu lilikuwa la rangi ya udongo, na ubavuni lilichorwa uyoga.

“Lina haraka kiasi gani?” Winfrida aliuliza.

“Dada, hili haraka halijui,” Silvano alisema. “Uliwashe Jumapili asubuhi, uende kanisani, umalize mahubiri na matangazo yote, ukirudi utalikuta bado linafikiria.”

Pudini ya kwanza iliharibika saa ya nne. Emilia aliinuka akachechemea mpaka jikoni, akafunua kifuniko, akabonyeza katikati kwa kidole kuona kama imeshika, jambo alilofanya kwa kila pudini kwa miaka ishirini na miwili. Kisha akasimama akikitazama kidole chake.

“Nimesahau,” alisema.

Pudini ile ililiwa na majirani, wakasema ni tamu kama ya Idi.

Pudini ya pili ilishika vizuri. Winfrida aliiacha mezani ipoe, akaenda dukani kununua kiberiti. Aliporudi alimkuta Mama Shakila dirishani, bakuli mkononi, akikitembeza kidole cha Emilia juu ya pudini kwa uangalifu, ukingo hadi ukingo. Emilia alikuwa amesinzia kwenye kiti.

“Nimeonja nikaona haina sukari hata chembe,” Mama Shakila alisema. “Nikasema, masikini, mtoto amechoka, amesahau. Usijali, mwanangu. Nimekurekebishia.”

“Ahsante, Mama Shakila,” Winfrida alisema.

Siku iliyofuata alijaribu kuwakataza watu. Alisimama mbele ya dirisha saa kumi jioni, mikono ameifunga nyuma, mbele yake vikombe kumi na saba.

“Shikamooni,” alisema. “Leo mama apumzike.”

“Marahaba,” watu walijibu, na hakuna aliyeondoka.

“Mwalimu,” alisema Mama Shakila kwa upole, “unataka kumfungia mama yako sukari ndani, imle usiku kucha?”

“Muuguzi amesema haipungui.”

“Muuguzi anakaa Masasi. Sisi tunakaa hapa.”

“Mwacheni,” alisema Bwanali kutoka nyuma, birika mkononi. “Mwalimu anataka kufungua duka. Siku hizi ruksa.”

Watu walicheka. Hata Emilia, ndani, alisikika akicheka, kwa sababu aliyesema ni mtani. Winfrida aliifungua mikono iliyokuwa nyuma. Kisha akasogea pembeni.

Mwezi wa nane mguu wa kushoto ulikatwa kule Masasi, chini kidogo ya goti. Siku ya kurudi Bwanali ndiye aliyekuwa akisubiri stendi. Alimbeba Emilia mgongoni kutoka kwenye basi mpaka nyumbani, maana kazi kama hizo ni za mtani, naye hakuikwepa.

“Zamani ulikuwa unanipita mbio ukienda kisimani,” alimwambia njiani. “Sasa nitakushinda.”

“Utanishinda vipi na umenibeba?” Emilia alisema. “Tutafika pamoja.”

Mlangoni Bwanali alimuuliza Winfrida, kwa sauti ya chini, mguu umezikwa wapi. Winfrida alimjibu kwamba umebaki Masasi. Bwanali alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha shamba la jirani.

“Pale patakuja nyuki,” alisema.

Baada ya hapo Emilia hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo kitanda chake kilisogezwa dirishani. Watu walisema hivyo ni bora zaidi, hataumia tena kwa kukaa. Kipimo cha sukari kilikuwa ishirini na mbili kabla ya mguu kukatwa, na kilikuwa ishirini na mbili baadaye.

Ndipo ikaja Jumamosi ile ya ukungu.

Safari hii Winfrida alikuwa ameteremka bondeni mwenyewe Ijumaa jioni, akapanda na ndoo moja kichwani, maji ambayo mama yake hakuwahi kuyaona. Alikamua tui. Alisaga korosho mpaka zikawa laini kama uji. Alipiga mayai, akatia iliki na chumvi, akachuja kila kitu kwenye bakuli, akalifunga bakuli kwa kitambaa. Akaliweka ndani ya jungu na maji mpaka nusu ya kimo chake. Jungu alilipeleka chumbani kwake, akaliwasha, akafunga mlango, akavaa ufunguo shingoni pamoja na msalaba wake.

Saa tano umeme ulikatika mji mzima. Winfrida aliketi kwenye mkeka nje ya mlango, akasahihisha madaftari ya hesabu. Hakufungua. Jungu lilikuwa la udongo mnene ndani, nalo liliendelea kupika kwa joto lililokuwa nalo. Umeme ulirudi saa saba. Saa tisa alasiri alifungua mlango, akalifunua, akatikisa bakuli. Katikati palitetemeka kidogo, pembeni pametulia. Ilikuwa na rangi ya karatasi ya zamani.

Aliivingirisha mikono ya mama yake ndani ya khanga, yote miwili, akakaza fundo. Akamwekea mto mgongoni. Akachota kijiko cha kwanza.

Emilia aliifumba midomo juu yake, akakaa hivyo. Nje sisimizi walisimama kwenye mstari wao.

“Yai,” alisema mwishowe. Baada ya kijiko kingine: “Nazi. Hii ya pwani.” Baada ya kingine: “Korosho umezisaga sana. Chumvi ulikuwa unaiogopa.” Kisha alikula tu, na Winfrida alisikia kijiko kikigonga bakuli, na mama yake naye alikuwa akikisikiliza.

Bakuli lilipobaki tupu, Emilia alivuta pumzi.

“Mimi simo,” alisema. “Simo kabisa.”

Akalala, mikono ikiwa ndani ya khanga, kinywa wazi kidogo.

Saa kumi mtu aligonga kizingiti kwa kijiko, taratibu, asije akamwamsha mgonjwa. Winfrida alichungulia. Vikombe vilikuwa ishirini na vitatu, na birika la Bwanali. Mama Shakila alikuwa ameleta mashuka yaliyofuliwa, yamekunjwa vizuri.

“Amelala?” alinong'ona.

“Amelala.”

“Basi tusimsumbue. Tupe mkono tu.”

Winfrida alitazama mashuka. Yalikuwa meupe kuliko alivyoweza kuyafua yeye. Akainama, akafungua fundo la khanga, akautoa mkono wa kulia, akautandikia taulo na kuulaza juu ya kizingiti. Alisimama pale mpaka wote walipopita. Walichovya polepole, na kila mmoja akashukuru kwa sauti ya chini. Bwanali, wa mwisho, alikipangusa kidole kwa pindo la kanzu yake, akaenda zake bila kutania.

Winfrida aliurudisha mkono kitandani. Akaenda jikoni, akajimiminia chai ya mkandaa, akarudi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikunywa funda moja. Ilikuwa chungu kama ilivyokuwa tangu Pasaka.

Alikishika kikombe magotini muda mrefu. Kisha akakisogeza karibu na mkono.

Bila kufumbua macho, Emilia alinyoosha kidole.

Chai ilikuwa nzuri. Winfrida aliinywa yote, akaosha kikombe, akaloweka korosho za kesho.