Daraja la Njiti na Mayai Matatu

Shemeji yangu, mume wa dada, hujenga nyumba kwa njiti za kiberiti. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo hadi alipostaafu, na nyonga ilipomkatalia safari, akahamia mezani. Kwa miaka minne alinitumia nyumba sita kwa kampuni ya vifurushi. Zote sita zilifika zimevunjika.

Sikumwambia. Ya kwanza ilipofika paa likiwa limeachana na kuta, niliiweka kwenye meza yangu ya ushonaji viatu, nikachukua kibano na gundi, nikaiunga kwa siku tatu. Kisha nikaipiga picha nikamtumia. "Imefika salama, shemeji." Alifurahi mno. Baada ya hapo sikupata pa kurudia nyuma. Ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa hiyo kila kilichovunjika nilikiandika daftarini: wapi, na nilikiungaje.

Mwezi uliopita alipiga simu akipaza sauti.

"Shemeji, wamelikubali daraja!"

Lilikuwa daraja la reli, njiti elfu nne, kazi ya miezi minane. Lilikuwa limekubaliwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono, mji wa mbali.

"Nalituma kwa kifurushi," akasema. "Nitafunga vilevile ninavyofunga za kwako. Sita kwa sita, hakuna iliyopata hata mkwaruzo!"

Nikaweka kiatu chini. Huko liendako hakukuwa na mtu wa kulisubiri na kibano.

"Shemeji, zote zilivunjika."

"Zote nini?"

"Nyumba. Nilikuwa nazitengeneza."

Alicheka, maana sisi ni watu wa utani. Halafu akaacha. "Hata ile ya ghorofa?"

"Ile ilifika kama kiberiti kilichomwagika."

Akakata simu.

Siku mbili hakupokea. Dada ndiye aliyenipigia. "Hasemi na mtu. Daraja kalifunika shuka. Hivi wewe ulikuwa unamlea au unamdanganya?"

"Vyote viwili, dada. Kila kilichovunjika nimekiandika daftarini."

"Basi mwachie shemeji yako uzee wake. Hajakuomba kulelewa."

Siku ya tatu alipiga mwenyewe, bila hata salamu. "Dada yako anasema una daftari. Nisomee."

Nikamsomea taratibu, nyumba baada ya nyumba. Alikuwa akiandika, nilisikia kalamu.

"Ni kona," akasema mwishoni. "Kila mara ni kona."

"Unafungaje, shemeji?"

"Nakandamiza magazeti mpaka kitu hakitikisiki hata kidogo."

"Kiatu kinachobana ndicho kinachopasuka mshono. Kiachie nafasi. Tia boksi ndani ya boksi, na katikati uweke vipande vya sponji."

Nikasikia kalamu tena. "Sijaribu na daraja. Najaribu na yai."

Yai la kwanza lilifika limekuwa uji. Mjumbe wa vifurushi alinikabidhi boksi kwa vidole viwili, uso kautazamisha pembeni. Nikamwambia shemeji ukweli. La pili lilikuwa na ufa mwembamba ubavuni. Nikamwambia pia, akabadilisha sponji, akaweka laini zaidi.

La tatu lilikuja Jumamosi. Nililigeuza dirishani, nikalipitishia kidole gumba mara mbili, ndipo nikapiga simu.

"Limefika zima."

"Ndivyo ulivyosema mara sita."

"Nikutumie picha?"

"Picha zako nazijua. Huenda umeliunga."

"Yai, shemeji? Nani anaunga yai?"

"Wewe unaweza."

Hakusema kwa utani. Nilitambua kwamba katika ile miaka minne nilikuwa nimevunja kitu ambacho gundi yangu haikifai.

"Chukua bakuli," akasema. "Weka simu karibu. Livunje nisikie."

Nikaligonga ukingoni mara moja. Ganda likalia, *ta*, kavu na safi, na kiini kikatua bakulini kikiwa duara.

Upande wa pili nikasikia kitu kikiburutwa sakafuni.

"Nini hicho, shemeji?"

"Boksi kubwa. Dada yako ananisogezea." Akakohoa kidogo. "Usikate simu. Kaa hapohapo mpaka nimalize kufunga, na nikikosea niambie sasa hivi."