Treni Iliyowahi

Tata Beya alikuwa mpangaji wa kazi katika karakana ya mgodi. Hata mwaka ule wa 1993, alipofukuzwa mji wa Kolwezi, kusini mwa Kongo, pamoja na wenzake kwa kosa zito la kuwa na asili ya mkoa mwingine, Kasai, hakuacha kupanga. Pale kituoni, watu wakiwa wamelala juu ya magodoro, aliketi juu ya sanduku akafungua kikao.

"Treni ni ya Jumamosi," alimtangazia mkewe Ngalula na shemeji yake Stanislas. "Ikichelewa, unga iko. Mvua ikinyesha, turubai iko. Mama atabebwa na Stanislas."

Huyo mama ni Mama Ntumba, mamake Ngalula, ambaye miguu yake ilikuwa imegoma. Beya hangeweza kumbeba, maana kwao mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hapo kituoni walitenganishwa na shuka kwenye kamba, na salamu zao zilipita kwa Ngalula, kama za marais wawili.

Alhamisi Stanislas aliomba ruhusa ya kufuata sufuria waliyoisahau nyumbani, mtaa wa Kapata. "Wende," Beya alisema. "Muda tuko nao."

Mara honi ikalia. Treni! Beya alikuwa na dawa ya kila ucheleweshaji, lakini hakuwahi kuandaa dawa ya kitu kuwahi.

Umati ulimsukuma Ngalula na watoto hadi ndani ya behewa. Nje ya ua wa kituo, vijana waliokuja kuwafukuza walianza kurusha mawe.

"Beya! Mama!" Ngalula alilia dirishani.

"Stanislas hajarudi!"

"Sasa utamungoja mpaka batuue?"

Beya alisimama mbele ya shuka. Akakohoa.

"Mukwe," sauti ikauliza kutoka nyuma ya shuka, "mpango iko wapi?"

"Imeharibika, mama."

"Basi mi nafunika sura. Na weye funga macho."

"Nikifunga macho, njia nitaiona namna gani?"

"Fungua moja!"

Akamviringisha kwenye shuka, akambeba mbio, jiwe likimpita sikioni. Mikono ikamvuta bibi dirishani. Beya akaparamia mlangoni. Ndani hapakuwa na pa kukanyaga, na Mama Ntumba akaishia mapajani mwa mkwe wake.

Treni ikaondoka.

"Ngalula," Mama Ntumba akasema ndani ya shuka, "muulize mume wako, mutoto wangu alipanda?"

"Mwambie mama," Beya akajibu, "nimeona sufuria ikiingia behewa la mwisho, juu ya vichwa vya watu."

"Muulize: na mwenye sufuria?"

Beya, jicho moja bado limefungwa, akafunga na la pili.