Toleo la Siku ya Mlangoni

Fundi hakukaa tangu aingie karakanani. Aliizunguka mashine, akaigusa kalibu, akachungulia njia dirishani, akairudia kalibu kama mtu asiyekumbuka kama amefunga mlango wa nyumba. Mdogo wake, aliyekuwa dereva wa lori, angefika mchana kujaribu mguu wa bandia. Alikuwa ameshasema: huu nao ukimuuma, anarudi kwenye magongo na wasimwite tena. Dereva hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Alipokatwa mguu aligawa viatu vyake vyote bila kumuuliza mtu.

Na kalibu ilikuwa nyembamba. Fundi aliipima, akaipima tena. Plastiki ya moto ingevishwa juu yake iwe kikombe cha kuingiza kigutu, na pale chini ya goti, palipomtoa dereva machozi safari iliyopita, palibana vilevile.

"Shemeji," alimwita mdogo wa mkewe, aliyekuwa akichora kwenye kompyuta. "Hii siyo."

Michoro yote ilikaa kwenye hifadhi isiyofuta kitu. Kila shemeji alipourekebisha mchoro na kuuhifadhi, toleo la zamani lilibaki, na jipya likapewa namba yake, herufi na tarakimu zimerundikana ovyo. Namba hiyo haikubadilika kamwe. Lakini fundi hakupatana nazo. Yeye alihesabu kurudi nyuma: la mwisho, la kabla ya mwisho, la kabla ya hilo. Mfumo uliielewa njia hiyo pia, na siku zote ilimfikisha.

Jana walikubaliana kwamba zuri ni lile la kabla ya mwisho, ambalo dereva alitembea nalo hadi mlangoni, kabla hawajajitia ujuzi wa kuliboresha. Asubuhi fundi akaiamuru mashine ichonge la kabla ya mwisho. Kumbe shemeji alikuwa amewahi, akanyoosha mstari mmoja wa kifundo cha mguu, akahifadhi. La mwisho likawa hilo jipya, na la kabla yake likawa lile lililouma.

"Wewe unaelekeza watu nyumba ya pili kutoka mwisho wa mtaa," shemeji alimwambia, "na mtaa bado unajengwa."

"Ungeniambia basi kama umejenga."

"Jana nilikutajia namba. Ukasema hukuajiriwa kukariri namba za magari."

 Fundi alichukua ufagio, akafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Bonge la kuchonga lilibaki moja. Shemeji alifungua historia ya mchoro, ambamo kila toleo lilikuwa na tarehe, namba na maneno machache aliyoyaandika wakati wa kulihifadhi. Fundi alimsimamia nyuma hadi akaombwa asimhemee shingoni. Nimenyoosha kifundo. Nimepunguza chini ya goti. Kisha, chini ya hayo: amefika mlangoni.

"Hilo," fundi alisema.

Safari hii hakuhesabu. Shemeji alimsomea namba herufi moja moja, naye akaiandika kwenye mashine, kisha akamsomea yeye. Alipobonyeza, alibaki ameshika swichi ya kuzimia kana kwamba mashine ingebadili mawazo.

Dereva alifika kalibu bado ikichongwa. Aliegemeza magongo ukutani, akamtazama kaka yake akienda na kurudi, akauliza ni nani hasa anayejaribiwa mguu leo.

Kikombe kilipokuwa tayari akakivaa, akasimama. 

"Kinapwaya," dereva alisema.

Mchoro ulirudi nyuma, lakini kigutu hakikurudi nao. Kilikuwa kimepungua tangu siku ile. Shemeji hakushtuka. Alileta soksi nene ya kigutu, akamvisha, akamsimamisha upya. Kinachopwaya kingejazwa, kinachobana wangekifanyia nini?

Dereva alikwenda hadi mlangoni. Siku ile aliishia hapo, ameshika fremu. Leo aliishika, akaiachia, akatoka. Fundi alitaka kumfuata, shemeji akamkamata shati. Walimwona akifika kwenye kona, akipotea, halafu akirudi, uso umekunjwa kama wa mtu aliyetukanwa.

"Huu msiuguse tena," alisema.

Shemeji alirudi kwenye kompyuta, akalibandika toleo lile jina: usiguse. Alimweleza fundi kwamba sasa aliite hivyo, hata yakihifadhiwa mengine mia mbele yake. Fundi aliandika usiguse, akailinganisha namba iliyotokea na ile ya mashine, herufi kwa herufi. Ilikuwa ileile. Akalinganisha tena.

"Kaka," dereva alimwita kutoka mlangoni, akimtazama miguuni. "Viatu vyangu hivyo. Vua."

Fundi akavuta kigoda, akakaa, akaanza kufungua kamba.