Jiwe la Nyanjige

—na jiwe la kusagia mgongoni, Harieth, kalifunga kwa kanga kama mtoto! Nyanjige huyo, mke wa Mayige wa Migato. Bila jiwe upepo unamchukua. Nimemwona leo hapa Somanda, kwenye mashindano ya kuku wazito. 

Sikiliza basi. Mayige ana jogoo wa kuchi, ile mbegu ya majogoo wakubwa, mwekundu. Kila jogoo akiongezeka kilo, mkewe anapungua kilo. Migato wote wanajua. Mayige alishaahidi mbele ya wakwe zake: siku jogoo akishindwa, anachinjwa, supu yote anywe Nyanjige, uzito umrudie. Kwa hiyo mwenzetu alikuja kuombea jogoo ashindwe.

Jaji alikuwa Tumsifu, yule afisa mifugo mpole aliyehamia kutoka Moshi. Nyanjige akamwamkia, "Mwangaluka, baba," huku kakumbatia nguzo ya banda. Tumsifu akambonyeza jogoo gole, pale shingoni chakula kinapokaa, maana watu huwashindilia kuku mchanga. Gole tupu. Akampandisha kwenye mzani. Mshale ukawapita kuku wote, ukampita na mbuzi wa kitoweo cha kamati.

Stephania, mwenye jogoo wa pili kwa uzito, akaja juu. "Jaji, huyo si kuku tu! Humo ndani mna mtu!"

"Mama, kanuni inakataza mchanga, mawe na maji," Tumsifu akasema. "Mke haikumtaja."

"Mpime na huyo mke basi, tuone!"

Nyanjige akafungua jiwe, akapanda. Mshale ukatulia palepale kwenye sifuri. Tumsifu akaugonga kwa kidole, akamrudisha jogoo, mshale ukaenda. "Mzani mzima," akasema, akamvalisha jogoo utepe. Watu makofi. Nyanjige naye akapiga makofi, na kwa kuwa hakushika kitu, akapaa. Mumewe akamvuta kanga.

Zawadi ilikuwa gunia la chakula cha kuku. Bodaboda haikuweza gunia na jiwe, kwa hiyo jiwe likaachwa. Mayige akachukua kamba ya katani, akamfunga mkewe mguu mmoja, ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa jogoo. Jogoo alitosha kumshikilia. Dereva akamwambia tu Nyanjige, "Mayu, inama kidogo, nyaya hizo."

Bado hujasikia. Kabla hawajaondoka, Tumsifu alimwambia Mayige kwamba mwakani ni mashindano ya kanda, na huko kuku wa watu ni wazito kweli.

Mayige akafikiri. "Monika yupo," akasema.

Monika ni binti yao. Ndiye anayemlisha jogoo kwa mkono.

"Ana kilo ngapi?" Tumsifu akauliza, kwa upole uleule.

Nyanjige akaniita kutoka huko juu, akasema neno, upepo ukalichukua. Jiwe lake ninalo hapa, chini ya kitanda. Kesho nalipeleka Migato, na nikirudi jioni nitakwambia kama nimemkuta Nyanjige bado yupo, nimbebeshe.